Kujitajia Bei

Swali lilikuwa la mwisho kwenye fomu ya kuombea kazi Dar es Salaam, chini ya jina la chuo na mwaka wa kuhitimu: "Unatarajia mshahara wa kiasi gani kwa mwezi?" Kisanduku chake kidogo kama kiberiti. Nilikijaza saa sita za usiku, mwanzoni mwa 2022, nimekaa barazani kwa ami yangu Magomeni ya Unguja, leptopu mapajani, mbu miguuni. Niliandika 1,200,000, nikafuta. Nikaandika 2,500,000, nikaona haya peke yangu gizani kama mtu aliyekutwa anajisifu, nikafuta. Mwisho nikaandika 1,800,000 na kuipeleka fomu upesi kabla sijabadili nia.

Hiyo 1,800,000 niliitoa wapi? Nilichukua mshahara niliokuwa nalipwa hapa Unguja, milioni moja na laki mbili kabla ya makato, nikaongeza nusu yake. Ndiyo hesabu yote. Sikujiuliza kazi ile ina faida gani kwa hao wanaoitaka, wala Dar es Salaam inakula kiasi gani. Siku ya pili, kabla ya saa nne asubuhi, simu ikalia: wamekubali. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyesema nipunguze. Muuza mikeka wa Darajani, mteja akimkubalia bei ya kwanza bila ya neno, usiku ule halali vizuri.

Nikamwendea ami, ambaye amefanya kazi bandarini Malindi miaka mingi na anajua mambo ya mizigo na bei kuliko mimi.

"Ami, wamenipa milioni na laki nane."

"Wamekupa, au umewaomba?"

"Nimeandika kwenye fomu."

"Basi hawajakupa kitu," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Kazi yangu ni femuwea, yaani programu inayokaa ndani ya chipu, chipu ndani ya bodi, bodi ndani ya boksi lililofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa mtu. Haina skrini. Ikifanya kazi hakuna anayejua kama ipo. Mita ya umeme unayoingizia namba, kufuli ya kadi kwenye mlango wa hoteli Nungwi, taa ya sola inayojizima usipoilipia, vyote hivyo ndani yake yupo mtu aliyekaa miezi akiandika maagizo ya kuiambia chipu ya thamani ya soda mbili tatu ifanye nini umeme ukija, ukikatika, na ukija nusu nusu. Barazani kwetu nimeshaitwa fundi simu na fundi redio. Mzee mmoja huniita fundi wa kisichoonekana, na jina hilo nalipenda kuliko lililomo kwenye mkataba wangu.

Sasa, kwa nini mtu aliyesoma miaka minne ashindwe kujaza kisanduku kimoja?

Mimi ni mtu wa Wete. Nimelelewa na karafuu, na karafuu hazina mjadala wa bei. Unachuma, unachambua makonyo, unaanika, mvua ikitishia unakimbia na majamvi, zikishakauka unazipeleka kituoni ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, zikapimwe daraja, na bei ya daraja lile imeshatangazwa zamani. Hata mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi ni kiasi gani anajua tangu asubuhi kabla hajapanda juu. Baba yangu hakuwahi kumwambia mtu yeyote "mimi karafuu zangu nazitaka kiasi kadhaa". Alifungua redio akaambiwa. Naamini woga wangu ulianzia hapo. Niliichukua bei kuwa ni jambo la kutangaziwa, na kazi yangu mimi ni kukausha vizuri nipate daraja la kwanza. Nikasoma, nikapata shahada, nikadhani ndiko kukausha kwenyewe.

Na bado, visiwa hivi hivi vina mnada wa samaki. Nenda mnadani asubuhi, jodari kalazwa chini sakafuni, dalali anataja, watu wanapandisha, mwengine anajitoa kwa hasira za uongo na kurudi baada ya dakika moja. Mtu huyo huyo anayepigania elfu mbili kwa kichwa cha changu, mwambie ataje mshahara wake anaoutaka, utamuona anatazama viatu. Kuna na la jicho pia. Kwetu utaulizwa mbele ya watu kumi kwa nini hujaoa, lakini mshahara hauulizwi wala hausemwi, watu wanaogopa husuda. Matokeo yake mimi nilikuwa sijui hata mmoja kati ya wenzangu niliosoma nao analipwa kiasi gani. Nilikuwa nakwenda mnadani nimefumba macho.

Basi nikakaa na kalamu, baada ya kukubaliwa, jambo ambalo lilitakiwa kuja kabla. Sheria za Bara ziko wazi. Milioni moja na laki nane: asilimia 10 inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi, hiyo ni 180,000. Inabaki 1,620,000 ya kutozwa kodi. Kodi ya PAYE kwa milioni ya kwanza ni 128,000 ukijumlisha ngazi zake zote, kwa sababu 270,000 za mwanzo hazitozwi na ngazi zinazofuata ni asilimia 8, 20 na 25. Ila kila shilingi inayovuka milioni inakatwa asilimia 30. Laki sita na elfu ishirini zilizovuka zinatoa 186,000. Jumla ya kodi, 314,000. Halafu mimi nilisomeshwa kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ghafi, wala haingojei kodi itoke kwanza. Hiyo ni 270,000 nyengine. Mkononi: 1,036,000.

Unguja nilikuwa nabakiwa na laki saba na sabini na kitu. Kwa hiyo faida ya kuhama ilikuwa kama laki mbili na nusu. Na Unguja nalala kwa ami, nakula kwa shangazi, kazini nakwenda kwa daladala moja. Chumba na sebule nilichoulizia Sinza kilikuwa laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo mmoja. Faida yote imekwisha kwa mwenye nyumba, sijapanda boti kurudi kuwaona watu wangu hata mara moja. Kiswahili kimetufupishia mambo kwa kutupa neno moja, kodi, kwa anachochukua mwenye nyumba na kwa inachochukua serikali. Vijana wa kompyuta wameongeza ya tatu, kodi wanazoandika kwenye mashine. Mimi ningekwenda Dar kuandika kodi ili nilipe kodi baada ya kukatwa kodi.

Nikawaandikia kuwa nashukuru lakini sitoweza. Walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa. Bei niliitaja mwenyewe.

Nilibaki Unguja, na miezi saba baadaye ndipo nilipofundishwa thamani ya kazi yangu. Nilifundishwa na kosa langu mwenyewe.

Kampuni niliyokuwemo ilikuwa ndogo, watu tisa, inatengeneza maboksi ya kuendeshea pampu za visima. Boksi linapima maji kwenye tangi, yakipungua linawasha pampu, yakijaa linazima, na linatuma taarifa kwa laini ya simu. Femuwea yote niliandika mimi. Mwaka ule tulifunga mengi Pemba, na kati ya hayo 36 yalikuwa na betri ndani, ya wateja walio mbali waliotaka boksi liendelee kuhesabu hata umeme ukikatika. Tuliyafunga vizuri mno. Hewa ya pwani ina chumvi, chumvi inakula bodi, kwa hiyo viungo vyote tulivimiminia gundi.

Wiki saba baada ya kufunga la kwanza, simu zikaanza. Pampu ya Kengeja haiwaki. Siku mbili baadaye Mtambile. Halafu Ole, halafu Wingwi, halafu mbili kwa siku moja Konde. Tangi tupu, boksi linawaka taa yake ya kijani kama kwamba kila kitu ni salama, na pampu imelala.

Wanaoijua kazi hii wameshaanza kucheka, kwa sababu wiki saba ni siku 49. Chipu ile inahesabu muda kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, tangu ilipowashwa, na inauhesabu kwenye namba ya biti 32, yaani yenye nafasi 32 za sifuri au moja. Namba ya biti 32 inafika 4,294,967,295 basi, ikizidi hapo inarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Milisekunde bilioni nne na kitu ni siku 49 na saa 17. Mimi nilikuwa nimeandika maagizo ya kusema "ikifika saa fulani, pima maji". Saa ile ikiangukia karibu na mwisho wa hesabu na chipu ikachelewa kidogo tu, hesabu inarudi sifuri, na boksi linakaa kungojea saa ambayo haitofika mpaka zipite siku nyengine 49. Dawa yake ni mstari mmoja: usilinganishe saa na saa, toa ya zamani kwenye ya sasa uangalie tofauti. Kila kitabu cha kazi hii kinasema hivyo. Nilikuwa nimeshakisoma.

Kilichoniuma zaidi ni kwa nini hatukuliona Unguja. Tulijaribu boksi lile karakana kwa miezi minne. Lakini karakana yetu umeme ulikuwa hauishi kukatika, na kila ukikatika boksi la majaribio, ambalo halikuwa na betri, lilianza kuhesabu upya kutoka sifuri. Halikuwahi kufika siku ya 49 hata mara moja. Kukatika kwa umeme ndiko kulikotufichia kosa, na betri tuliyoiuza kwa bei ya juu ndiyo iliyotuumbua.

Na maboksi yale hayakuwa na njia ya kupokea programu mpya kwa mbali. Laini ya simu ilikuwemo, ila mimi sikuandika sehemu ile, kwa sababu bosi alitaka haraka na mimi sikubisha. Mtu wa tovuti akikosea anarekebisha anakunywa chai, na anayefungua ukurasa dakika ile ile anapata kilicho sahihi. Mimi nilikosea, basi ni boti ya usiku kwenda Mkoani, leptopu, waya, kisu cha kukatia gundi, na kijana wa kunishikia tochi.

Tulikaa siku tisa. Kutoka Mkoani mpaka Micheweni, boksi kwa boksi, nyengine nyuma ya msikiti, nyengine juu ya mnara wa tangi ambao ngazi yake siipendi kuikumbuka. Wete nililala kwa mama. Usiku wa kwanza alinitazama pale mlangoni, tope mpaka magotini, akasema: "We mwanangu si ulisema unafanya kazi ya kompyuta?"

Niliporudi nikaandika hesabu ya safari, maana mhasibu alitaka risiti. Gari ya kukodi elfu themanini kwa siku, siku tisa, 720,000. Mafuta elfu ishirini na tano kwa siku, 225,000. Posho za watu wawili, elfu arubaini kila mmoja kwa siku, 720,000. Nauli za boti, watu wawili kwenda na kurudi, 140,000. Nikajumlisha: 1,805,000.

Niliitazama namba ile muda mrefu. Milioni moja na laki nane, na nauli ya daladala juu yake. Ndiyo niliyoiandika kwenye kile kisanduku kuwa thamani yangu ya mwezi mzima, na hapa mstari mmoja ulioandikwa vibaya umeila kwa siku tisa, bila kumtaja mteja mmoja wa hoteli aliyenunua maji ya gari wiki nzima na akagoma kumalizia malipo yake.

Toka siku ile nikaacha kufikiria mshahara kwa kutazama mshahara uliopita. Nikaanza kufikiria boti ya Pemba.

Mwezi uliofuata sikufanya kitu ila kuandika njia ya kusasisha kwa mbali. Kumbukumbu ya chipu niliigawa nafasi mbili. Programu mpya inashuka kwa laini ya simu, inakaa kwenye nafasi iliyo tupu, boksi linaijaribu, na ikishindwa kuamka vizuri linarudi lenyewe kwenye ile ya zamani. Kuielezea ni rahisi. Kuiandika iwe salama, umeme ukikatika katikati, mtandao ukipotea katikati, ndiko kulikonitoa jasho. Katika miaka miwili iliyofuata tulituma masasisho 11. Kila moja, bila ya njia ile, lingekuwa safari kama ile. Kumi na moja mara milioni na laki nane. Hakuna mtu kazini aliyewahi kuijumlisha, kwa sababu safari isiyofanyika haina risiti.

Nasema haya si kwa kujisifu peke yake. Mwaka 2024 nchi nzima ilipata somo la aina hii, ila wengi hawakujua wanasomeshwa nini. Wateja wa LUKU walipewa seti mbili za namba 20 za kuingiza kwenye mita kabla ya kuingiza umeme walionunua, na watu wakalalamika kuwa wanasumbuliwa. Sababu ni hii hii yangu. Mfumo wa mita hizi, unaotumika dunia nzima, huweka muda wa kila tokeni, yaani zile namba za umeme ulionunua, kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993, kwenye namba ya biti 24. Biti 24 zinabeba dakika milioni 16 na kitu, nazo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Waliochagua biti 24 zamani hizo hawakukosea, walijua mwisho wake na wakaacha mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ndio zile namba mbili. Mita ambayo mlango huo haukufunguliwa haikubali tena umeme mpya. Nilikuwa nawaeleza wazee barazani hadithi hii, na kwa mara ya kwanza nikaona wameelewa nafanya kazi gani.

Nirudi kwenye mishahara, maana najua wengi mmekuja kwa hilo.

Kuna neno linalotupunguzia fedha, nalo ni fundi. Kwa Kiswahili chetu fundi ni mtu mkubwa, fundi wa kuchonga milango, fundi wa kanzu, hata ngomani yuko fundi. Lakini kwenye jedwali la mishahara fundi yuko chini ya mhandisi ngazi mbili tatu, na kwa kuwa kazi yetu ina koleo na risasi ya kulehemu, anayeajiri akituona anaona fundi. Mkataba wangu wa kwanza uliniandika fundi umeme. Nilicheka nikasaini. Miaka mitatu nilipandishwa kwa ngazi za fundi umeme, na kila nilipoomba zaidi nilijibiwa kuwa nimeshafika juu ya ngazi yangu. Jina la kazi kwenye mkataba lisome kabla ya namba.

Halafu kuna ndoto ya dola. Marekani mtu wa kazi hii kulipwa zaidi ya dola laki moja kwa mwaka ni jambo la kawaida, na vijana wakisikia hivyo wanazidisha kwa shilingi, wanapata kizunguzungu. Mimi nilijaribu kidogo, nusu ya pili ya 2024, kwa mteja wa Ujerumani, kwa saa, jioni baada ya kazi. Malipo yalikuwa mazuri kuliko chochote nilichowahi kupata. Yaliyobaki hayakuwa mazuri hivyo. Mwandishi wa tovuti anahitaji leptopu na intaneti tu. Mimi nahitaji bodi yenyewe mkononi, na bodi inatoka Ulaya inakaa forodhani, unaelezwa uthibitishe si simu, unathibitisha, na mteja anauliza kwa barua pepe kwa nini hujaanza. Hakuna likizo, hakuna mfuko wa hifadhi, ukiugua saa hazihesabiwi. Na shilingi nayo, iliyokuwa karibu na 2,700 kwa dola mwezi wa Oktoba, ilipanda nguvu mpaka ikawa chini ya 2,400 kufika Disemba. Habari njema kwa nchi. Mimi kila dola elfu moja ilinipungukia laki tatu na sikuwa nimefanya kosa lolote. Nilipomaliza mkataba sikuomba mwengine. Aliye na osiloskopu yake, chombo cha kuonea umeme unavyopanda na kushuka, na asiyetegemewa na watu wengi anaweza kuona tofauti, na simlaumu.

Lakini lililo zito zaidi hapa kwetu ni uchache. Waajiri wa kazi hii Unguja unaweza kuwahesabu kwa vidole na mkono mmoja ukabaki wa kushikia kikombe. Mwaka 2022 lilizinduliwa jambo la Silicon Zanzibar, kampuni za teknolojia zikaalikwa kuja kukaa Fumba, na wapo waliokuja. Wengi wao ni watu wa programu za simu na malipo, si wa chuma na waya. Wanunuzi wakiwa wachache mambo yanakuwa kama karafuu, bei unatangaziwa. Ila nilichelewa kuuona upande wa pili: na sisi tu wachache vile vile. Bosi wangu akinipoteza hakuwa na pa kumtoa mwengine anayejua maboksi yale, na yeye alilijua hilo miaka mitatu kabla yangu.

Mwanzoni mwa 2025 nikaitwa kwenye usaili mwengine. Kampuni ya Dar, ina majokofu ya sola ya kuwekea samaki, yamesambazwa pwani yote. Safari hii fomu ilipofika kwenye kile kisanduku nikaandika "tutazungumza". Fomu ikakubali, jambo ambalo sikuwahi kujua linawezekana.

Kwenye usaili mama mmoja wa utumishi, mpole, akauliza: "Mdogo wangu, sasa tuambie, unatarajia kiasi gani?"

Moyo ulipiga vile vile. Sitaki kudanganya hapo. Nikasema: "Samahani dada, naomba niulize kwanza. Mna majokofu mangapi nje, na likikwama anakwenda nani?"

Akamtazama mhandisi aliyekaa pembeni yake. Mhandisi akajibu kuwa wana mafundi wanne na gari mbili, na kwamba mwezi uliopita gari zote mbili zilikuwa Kilwa na Mafia kwa ajili ya tatizo moja. Hawakuwa na njia ya kusasisha kwa mbali. Nikawatolea hesabu yangu ya Pemba, ile ile, na gari na mafuta na posho, nikawaeleza na masasisho 11. Sikutaja bei mpaka mhandisi mwenyewe alipochukua simu yake kupiga hesabu ya Kilwa. Alipoiweka simu mezani nikasema milioni tatu na laki nne.

Wakaguna. Nilifurahi sana kusikia mguno ule.

Tulipatana milioni tatu, nikae Unguja, niende Dar wiki moja kila mwezi kwa gharama yao, na vifaa vya kupimia wanunue wao. Ukikata NSSF 300,000, kodi 638,000 na mkopo 450,000, mkononi ni 1,612,000. Karibu nusu haifiki mfukoni, na nawaambia hivyo ili anayesikia milioni tatu barazani asije kuniomba mahari ya mwanawe. Naziandika namba hizi hadharani na najua shangazi atasema nimejitafutia jicho. Nimekubali. Kama mtu mmoja angeniandikia hivi 2022 nisingeweka 1,800,000.

Wiki iliyopita nikapewa kazi ya kutafuta msaidizi. Maombi yaliyonivutia ni ya kijana wa chuo cha Karume, Mbweni, ambaye kwa pesa zake mwenyewe ametengeneza kipimo cha joto la bahari, na kwenye maelezo yake ameandika, bila kuulizwa, jinsi alivyozuia hesabu ya siku 49 isimuumbue. Nikasoma mpaka chini. Kwenye kisanduku cha mwisho ameandika 500,000.

Bajeti tuliyopewa inafika milioni moja na laki moja. Nikaenda kwa bosi wangu mpya, yule mhandisi, nikamwambia huyu tusimchukue kwa hiyo.

"Lakini si ameandika mwenyewe?" akasema.

"Ameandika. Na mimi niliwahi kuandika."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akaniomba nimtumie tena ile karatasi ya safari ya Pemba, aiweke kwenye faili la ajira. Nimeituma jana usiku, na leo asubuhi nimempigia kijana, nikamuuliza kama ana nafasi ya kuzungumza.

"Kuhusu nini, kaka?"

"Kuhusu namba ya mwisho uliyoandika," nikamwambia. "Ifute."